Mfalme wa Shangazi Kidawa

"Huyu mfalme wako ameshakufa, Shangazi," Mansuri alisema. "Anangoja maziko tu."

Shangazi Kidawa alimsogeza mfalme nyumba moja kushoto, kwa kidole chenye hina mpya, kisha akamsihi Mjomba Suleimani avute kiti kivulini, asipigwe na jua.

Walikuwa barazani kwake, Kiegeani, tangu watu walipotoka kuswali Ijumaa. Mansuri, mwenye duka la mabati na saruji Kilindoni, alikuwa njiani kwenda Baleni na mjomba wake kupeleka posa kwa Mzee Hemedi. Alimtaka Shani, binti wa Hemedi. Shani alikwisha kumwambia mara mbili kwamba hamtaki, na mara ya pili alimtajia anayemtaka: mwalimu Zubery wa Miburani. Mansuri aliyachukulia kuwa maneno ya kitoto. Mwenye kauli ni baba, na Hemedi alijulikana kisiwa kizima kwa jambo moja: hajapata kumwambia mtu "hapana" akiwa amesimama mbele yake. Ng'ombe wake wawili waliondoka hivyo hivyo.

Mtu pekee ambaye Hemedi alimsikiliza kuliko mgeni aliye mlangoni ni dada yake mkubwa, ndiye huyu Kidawa. Kwa hiyo Mansuri alisimamisha gari ili amwamkie. Baada ya shikamoo na marahaba, akaomba afuatane nao akamsemee kwa mdogo wake.

Kidawa alisema hana neno, ila kwanza Mansuri amshinde sataranji. Marehemu mumewe, aliyekuwa baharia, alimwachia ubao na ujuzi kidogo. Mansuri, bingwa wa baraza zote za Kilindoni, alivua kofia akaketi. Alihesabu kwamba nusu saa ingemtosha.

Sasa ilikuwa inakaribia saa tisa. Kidawa hakuwa amebakiwa na malkia wala ngome. Alibaki na farasi mmoja, askari wawili, na mfalme aliyekimbizwa ubao mzima kama kuku anayetakiwa jikoni. Kila zamu yake alifikiri mpaka kahawa ikapoa.

Mansuri alimweleza kosa lake. Mfalme hufichwa mapema, pembeni, nyuma ya askari watatu. Yeye kamwacha katikati, mlango wazi. Kidawa alishukuru, akauliza pembe ipi ni bora, ya kulia au ya kushoto, na kwa nini. Mansuri alipanga kete zilizokwisha liwa, kando ya ubao, kumwonyesha. Maelezo yakachukua muda.

Mjomba Suleimani alikohoa, akasema kwa upole kwamba Baleni si hapa, na posa haipelekwi jioni jioni. Mansuri alimwomba avumilie. Angeweza kumaliza kwa hatua tatu, lakini alitaka mama huyu amlaze mfalme kwa mkono wake mwenyewe. Ushindi wa namna hiyo ndio unaosimuliwa Kilindoni.

"Mchezaji mwenye adabu, Shangazi, anajua wakati wa kukubali kwamba ameshindwa."

"Na wakati wenyewe anautambuaje, mwanangu?"

Swali hilo lilimfurahisha. Alieleza kwamba mtu akiona hana njia na mwenzake hana haraka, kuendelea ni kupotezeana siku. Alitoa mfano wa mwalimu wake wa zamani, kisha wa mchezo wake na daktari mmoja wa Dar es Salaam, ambao aliukumbuka hatua kwa hatua. Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamsogeza mfalme nyumba moja kulia, pale alipokuwa mwanzo.

Mansuri alicheka kwa hasira kidogo, akala askari mmoja. Akala mwingine. Kidawa akarusha farasi, akasema "shaha," na Mansuri akalazimika kumwondoa mfalme wake mwenyewe, jambo lililomuudhi hata akatumia dakika kumi nzima kuhakikisha halitokei tena.

Ndipo simu ya Kidawa ikatoa mlio mmoja. Aliitazama, akaichomeka kwenye mkunjo wa kanga. Akamshika mfalme wake kichwani, akamlaza ubaoni taratibu.

"Nimekubali," alisema. "Umenishinda."

Mansuri alisimama, akakung'uta kanzu, akavaa kofia. Alisema kama angekubali saa nane wangekuwa wameshafika, lakini si neno. Alimkumbusha ahadi yake. Kidawa alikuwa ameshavaa buibui na viatu, akatangulia garini, akakaa mbele.

"Tia moto, baba," alisema. "Nimeambiwa ndoa ya Shani na mwalimu Zubery imekwisha fungwa, na nisipowahi kukusemea utakuta hata ukoko wa pilau hakuna."