Kimkia cha Duara

Mashine mimi nazijua kuliko mtu yeyote mjini humu, ingawa redio yangu hadi leo naiwasha kwa kuipiga kofi. Ya Mzee Famau, mchoraji wa nakshi za kofia, ilikuwa na mkono wa chuma ulioshika kalamu, nayo ilikaa pembeni mwa karakana yake imefunikwa shuka. Siku moja alirudi kutoka msikitini na Makame, aliyetaka kofia ya kumwoza mwanawe, iliyochorwa kwa mkono tu. Wakamkuta Barke, mpwa wa mzee, ameiunganisha mashine na kompyuta yake.

"Usijisumbue, mwanangu. Tangu niinunue haijachora hata nukta."

"Ngoja kidogo, mjomba."

Barke akaandika amri ya mstari mmoja. Mkono wa chuma ukainuka, ukachora duara. Akabadilisha tarakimu, likatoka duara kubwa zaidi. Yote mawili yaliishia na kimkia kilichopinda, kama cha kiluwiluwi.

Makame akavua kofia yake, akailaza kando ya karatasi. Ilijaa vimkia vilevile.

"Mzee, si uliniapia hii ni alama ya mkono wako?"

"Imeniiga hiyo," alisema Famau, akiutia mkono wa kulia mfukoni mwa kanzu.