Mlango wa Chumba cha Seva

Sidonia aligusisha tena kadi yake mlangoni. Taa ilibaki nyekundu.

"Bado?" Yotham, mwenzake wa kazini, aliuliza kutoka upande wa pili wa kioo cha mlango.

"Bado, kaka."

Alikuwa ameingia saa tatu kasoro kuchukua chaja tu, simu akaiacha mezani kwake. Sasa baridi ya viyoyozi ilikuwa imemwingia hadi mifupani. Saa nne kamili, yeye na Yotham walitakiwa kufika Mtumba kwenye usaili wa nafasi ya mkuu wa kitengo. Nafasi ilikuwa moja, na yeye alikuwa ameisubiri miaka sita.

Aliigeukia kompyuta ya humo ndani. Haikuweza kufungua mlango, ila ilikuwa na programu ya kufuatilia faili la milango: kadi yoyote ikigusishwa mlangoni popote jengoni, mstari mpya hutokea kwenye dirisha jeusi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kuingia kwake, saa tatu kasoro dakika moja. Baada ya hapo, kimya.

"Mfumo wote umekufa," Yotham alisema. "Fundi nimempigia, ndiyo kwanza anatoka Hombolo, mbali."

"Saa ngapi sasa?"

"Tatu na nusu."

Sidonia alirudi kwenye kioo. "Nenda, kaka."

"Nikuache humu?"

"Tukikosa wote itasaidia nini? Nenda bwana. Waambie nimekwama."

Yotham aliweka kiganja kwenye kioo. "Nitawaomba wakusubiri, mdogo wangu." Akaondoka taratibu, akigeuka nyuma mara mbili.

Sidonia alilia kidogo, akajifuta, akavuta kiti. Alibonyeza kitufe, kishale kikashuka, kwa hiyo mashine haikuwa imeganda. Diski ilikuwa na nafasi. Ruhusa ya kusoma ilikuwepo. Akaorodhesha mafaili, akayakuta mawili. Saa tatu kamili, kama kila Jumatatu, mfumo ulikuwa umelibadilisha jina faili la zamani na kuanzisha jipya. Programu ilikuwa bado imeng'ang'ania lile la zamani, lisiloandikwa kitu tena.

Aliisimamisha, akaielekeza kwenye faili jipya. Mistari ikamiminika. Ghorofa ya kwanza, lango kuu, stoo: watu walikuwa wakiingia na kutoka kama kawaida.

Alipanda hadi mstari wa juu kabisa.

"Saa 3:04. Chumba cha seva. Kadi ya Sidonia imezuiwa kutoka hadi saa 6:00. Aliyeagiza: Yotham."