Gusisha ya Pili Kwanza

Gia ilisaga kwa mara ya tatu, na Mzee Klachi akahisi kama ni meno yake mwenyewe yanayosagwa.

Mnunuzi wa gari lake kuukuu, mwalimu mpole mwenye miwani, alikuwa hajatoka nalo hata uani.

"Gusisha gia ya pili kwanza, ndipo uingize ya kwanza!" Mzee alimpigia kelele dirishani.

"Ndivyo ninavyofanya, mzee," mwalimu akajibu, na gia ikasaga tena.

Pembeni lilisimama gari jipya ambalo Mzee aliletewa na wanawe, linalojibadilishia gia lenyewe, maana daktari alishalipiga marufuku goti lake la kushoto kukanyaga klachi. Friji yenye magurudumu! Magari ya umeme nayo hayangurumi hata ukiyatukana. Pikapu ya jirani ina nguvu, lakini kuigeuza ni kama kugeuza kabati. Gari ni hili tu, na linauawa mbele ya macho yake.

"Mwache, baba watoto," mkewe alisema kutoka barazani. "Limeshakuwa lake."

Gia ikasaga mara ya tano.

"Hebu hamia kiti cha pili!" Mzee alifungua mlango, akajitupa kwenye usukani, akakanyaga klachi. Goti likamchoma mpaka machozi yakamlengalenga, lakini mguu ulifika chini. Ya pili, kisha ya kwanza. Ikaingia kimya, kama mkono kwenye mfuko wake.

Mkewe akasimama.

"Umeona, mwalimu?"

"Nimeona, mzee. Sasa nipishe niendeshe."

"Funga mkanda," Mzee alisema, na geti likabaki nyuma yao.