Sare ya Shemsa

"Nilikwambia fundi aache pindo pana, wewe ukashikilia kuwa televisheni haidanganyi." Bi Arafa, mama yake Shemsa, alikuwa akimfokea jirani yake Mwanaidi barazani, gauni la sare ya harusi mkononi, jembamba kama foronya.

"Si sote tulimwona Shemsa akikimbia huku analia? Mtu akikimbia vile lazima akonde."

Shemsa alikuwa kwenye kona na begi lake, anawasikia. Jana shindano la kupunguza mwili lilimtoa mbele ya nchi nzima, na miguu ilimvuta apite uchochoro wa nyuma. Lakini anayeolewa kesho ni mdogo wake. Akajitokeza, akalichukua gauni, akalipima kifuani. Halikufika hata nusu.

"Hili mmemshonea nani?"

Mwanaidi akajibu: "Yule wa kwenye televisheni."

"Ambaye wala hatumjui," akasema Bi Arafa, akatoa wembe na kuanza kufumua ubavuni. "Fundi anakuja kukupima upya. Ingia ule kwanza, mwanangu, hapa mtu hapimwi akiwa na njaa."

Shemsa akavua kiatu kimoja, begi bado mkononi.