Kifuko cha Bendera

Kwenye lango la kambi, gari la Naibu Waziri wa Ulinzi lilisimamishwa. Mheshimiwa Lugongo alikuwa amekuja kukagua gwaride, na siku zote lango hilo lilifunguliwa gari likiwa bado mbali. Leo kapteni mmoja aliinama kwenye dirisha la dereva, akanong'ona, kisha akasogea pembeni bila kupiga saluti.

Dereva, Koplo Ndaro, alishuka. Akatoa mfukoni kile kifuko cheusi ambacho bendera ya gari huvishwa waziri anaposhuka, ili askari wajue ndani hamna mtu wa kupigiwa saluti. Akakivisha taratibu, akafunga kamba yake.

Lugongo alishusha kioo.

"Ndaro, mbona unafunika bendera? Mimi si bado nimo?"

"Nimeambiwa nifunike, mzee."

Kwa miaka yote alimwita Mheshimiwa. Lugongo alijikuta ameshika kitasa cha mlango kwa mikono miwili, hajui anataka kushuka au anazuia usifunguliwe.

Ndani ya kambi, bendi ikaanza kupiga wimbo wa kumpokea mgeni rasmi. Lango lilikuwa bado limefungwa.