Jiko la Manowari Hida

Manowari yake, Hida, ilikataliwa tena. Emile alisoma ujumbe wa Amirali: mizinga ni mizuri, chuma kina unene wa kutosha, lakini jiko liko mbali mno na vyumba vya mabaharia. Wali utafika umepoa.

Ofisini Emile aliandika ripoti za miradi ya maji. Nyumbani kwake Nyalukemba, mjini Bukavu, alichora meli za kivita ambazo Japani ingeziunda kama vita vikuu vya pili vya dunia visingepiganwa kabisa. Katika kundi la mtandaoni la wachoraji wenzake, ambamo kila mtu alijificha nyuma ya jina la kubuni, hakuna meli iliyoingia kikosini bila ruhusa ya mkuu wa kundi, Amirali. Emile aliitaka ruhusa hiyo kuliko kupandishwa cheo.

Kwamba Amirali ni Mjapani, hakuwa na shaka. Nani mwingine angeyajua hayo yote? Kifaransa chake tu ndicho kilichomshangaza, kila koma mahali pake. Tena kila umeme ulipokatika Bukavu na wifi ya nyumba ikazimika, Emile aligundua baadaye kwamba hata Amirali alikuwa amenyamaza muda huo huo. Akamwonea huruma. Kumbe hata Japani umeme ni wa kubahatisha.

Kilichomkosesha raha ni kimoja tu, mama mkwe. Maman Micheline, mwalimu mstaafu, alikuja kutoka Sange kutibiwa jino. Jino likapona, yeye akabaki. Kwa heshima ya kwao, mkwe haketi na mama mkwe wala hawaongei ana kwa ana. Basi mama akashika sebule na simu yake, Emile akahamia chumbani na yake, na salamu zikawa zinapitia kwa Delphine, mkewe. Hata mpira kwenye televisheni hakuuona tena.

Jumapili baada ya misa alilihamisha jiko, akatuma mchoro mpya. Jibu likaja upesi: safi sana, Hida itaingia kikosini leo hii, ila kwanza jitambulishe kidogo.

Emile nusura alie kwa furaha. Akamfungulia Amirali moyo wote. Anaishi Bukavu, ana mke mwema, lakini kuna mama mkwe wa kutoka Sange aliyekuja na jino moja akateka sebule nzima, mtu asiyeweza kutofautisha manowari na karai. Laiti angekuwa na akili kama zako, Amirali.

Simu ikaonyesha kwamba Amirali anaandika. Akasita. Akaanza tena. Kisha umeme ukakatika.

Kutoka sebuleni ikaja sauti ya Maman Micheline, taratibu kabisa.

"Delphine, umwambie bwana yako ile meli nimeikatala. Na karai naijua."