Jina Lililo Kifuani

Siku hizi televisheni huonyesha mbio za baiskeli pale tu mwendeshaji anapoanguka. Kwa hiyo Mama Luhende, kila mwanawe anapokuwa mashindanoni, hukaa mbele ya taarifa ya habari akimwomba Mungu asimwone. Miaka minne sasa hajamwona. Majirani hapa Shinyanga humpa pole wakidhani kijana aliacha mbio, kumbe ameshinda mara sita.

Leo Luhende amepiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeshinda tena?"

"Nimeshinda. Lakini wafadhili wanalalamika kwamba jina lao lililo kifuani kwangu halijawahi kuonekana."

"Sasa wanataka nini?"



"Mama, kesho saa kumi jioni usiwashe televisheni."